Seva na klaienti za NFS zikubaliane: mwongozo wa mipangilio ya pamoja kwa ofisi ndogo

"Fundi, faili ni yangu, nimeiandika mwenyewe asubuhi, lakini kompyuta inasema si yangu."

Ilikuwa Alhamisi alasiri katika duka moja la uchapishaji hapa Kisumu, na aliyeniambia hivyo alikuwa msanifu wa programu za mazishi, vile vijitabu vya ratiba ya ibada. Anayeishi pande hizi za ziwa anajua Alhamisi ina uzito gani kwa kazi hiyo. Ijumaa mwili unatoka mochari, Jumamosi ni mazishi, na familia imesimama kaunta ikingoja nakala zenye picha ya mpendwa wao. Faili ilikuwa salama kwenye seva. Alipoketi kwenye meza ya pili, ile yenye printa ya rangi, aliweza kuisoma, lakini kurekebisha jina moja lililokosewa ikawa haiwezekani. Jina la marehemu limekosewa, na msanifu hana ruhusa ya kugusa kazi yake mwenyewe.

Seva ilikuwa nzima. Swichi na nyaya zilikuwa nzima. Shida ilikuwa kwamba seva na meza zile hazikuwa zimekubaliana mtumiaji ni nani. NFS, njia ya kompyuta kadhaa kutumia folda za seva moja kupitia mtandao, ina mambo machache ya namna hiyo, ambayo yakipangwa upande mmoja tu hayafai kitu: nambari za watumiaji, majina ya mashine, saa, toleo, poti na kikoa. Mwongozo huu unayapitia kwa mpangilio ninaoufuata ninapofunga mtandao wa ofisi, duka au maabara ya shule. Mifano ni ya Ubuntu na Debian, na pale Red Hat na jamaa zake wanapotofautiana nitasema.

Mashine inayotumia folda za seva nitaiita klaienti, kwa sababu neno "mteja" dukani lina mwenyewe.

Kwanza jua faili ipi ni ya nani

Kwenye Linux, /etc/exports ni ya seva peke yake. Humo ndimo unamoandika folda unazogawa na unaowagawia. /etc/fstab na /etc/nfsmount.conf ni za klaienti. Halafu kuna /etc/nfs.conf na /etc/idmapd.conf, ambazo ni za pande zote mbili, na hizi ndizo watu husahau. Mtu anahariri nfs.conf kwenye seva, anaona mambo yanakwenda, anafunga begi na kuondoka. Wiki mbili baadaye anaitwa.

Sababu ya nfs.conf kuwepo pande zote ni kwamba huduma za NFS zimetawanyika. nfsd na mountd hufanya kazi kwenye seva. lockd, inayosimamia kufuli za faili, na statd, inayokumbuka nani alishika kufuli ipi mashine ikizimika, zinahitajika kwenye seva na klaienti vilevile unapotumia toleo la 3. gssd, ya Kerberos (mfumo wa kuthibitisha watumiaji), inahitajika zaidi kwenye klaienti. Kila huduma husoma sehemu yenye jina lake na kuruka sehemu za wenzake. Hapo pana faida kubwa: unaweza kuandika faili moja na kuiweka kwenye mashine zote bila kubadilisha herufi hata moja. Sehemu ya nfsd haimdhuru klaienti asiyeendesha nfsd.

Ukikuta maelezo ya zamani yanayokuambia uhariri /etc/default/nfs-kernel-server na kubadilisha RPCNFSDCOUNT, au uguse /etc/sysconfig/nfs kwenye Red Hat, yaache. Kuanzia Ubuntu 22.04 faili hizo za /etc/default hazisomwi tena. Ukipandisha mashine kutoka toleo la nyuma, mfumo hujaribu kuhamisha ulichokuwa umeandika na kukiweka ndani ya /etc/nfs.conf.d/local.conf. Fungua faili hiyo uisome kabla ya kuendelea. Nimeshakuta ndani yake mipangilio ya fundi aliyenitangulia ambayo hakuna aliyejua kuwa bado inatumika.

Hatua ya 1: Majina ya mashine, kila moja na lake

Hatua hii inaonekana ndogo, lakini nimepoteza siku nzima kwa sababu yake, basi nivumilie nikae hapa kidogo.

Ukiwa na maabara ya kompyuta ishirini, njia rahisi ni kuandaa mashine moja vizuri, kisha kunakili diski yake kwenye zile kumi na tisa. Kila mtu hufanya hivyo, nami hufanya. Shida ni kwamba jina la mashine linanakiliwa pia. Katika NFS toleo la 4, klaienti ya Linux hujitambulisha kwa seva kwa kitambulisho ambacho, usipobadilisha chochote, kinatokana na jina lake. Mashine mbili zikijitambulisha kwa jina lilelile, seva haifikirii kwamba ni mbili. Inafikiri ni moja iliyozimika na kuwaka upya. Kwa hiyo inafuta kumbukumbu ya faili zilizokuwa zimefunguliwa na kufuli zilizokuwa zimeshikwa, ili ianze upya na huyu "aliyerudi". Mashine ya kwanza inastuka, inajitambulisha tena, na sasa ya pili ndiyo inayofutiwa. Zinanyang'anyana hivyo mchana kutwa.

Kwa mtumiaji, hali hiyo haionekani kama kosa la jina hata kidogo. Anaona programu zinaganda sekunde kadhaa kisha zinaendelea, na kufuli zinapotea bila sababu. Unabadilisha waya, unabadilisha swichi, hakuna nafuu.

Kwenye kila mashine, toa amri hii kwa jina lake:

hostnamectl set-hostname meza1

Ya pili iwe meza2, na kuendelea. Kwa mashine zilizonakiliwa, tengeneza upya na kitambulisho cha mfumo, maana kinaweza kusababisha mashine mbili kupewa anwani moja na ruta:

rm /etc/machine-id
systemd-machine-id-setup

Kisha iwashe upya. Seva ipe anwani ya kudumu, tuseme 192.168.10.2, na uandike majina yote katika /etc/hosts ya kila mashine kama huna huduma ya majina ofisini. Faili hiyo nayo iwe moja kwa wote:

192.168.10.2 seva
192.168.10.11 meza1
192.168.10.12 meza2

Anwani za meza nazo zifungie kwenye ruta ili zisibadilike.

Hatua ya 2: Saa

Hii haina maneno mengi. Sakinisha chrony, programu ya kulinganisha saa, kila mahali, weka ukanda wa saa, na uangalie:

timedatectl set-timezone Africa/Nairobi
timedatectl

Mstari unaosema saa imelinganishwa lazima uwe na "yes". Saa zikipishana, faili iliyohifadhiwa sasa hivi itaonekana kama ya kesho, na programu za kunakili akiba zitaruka faili mpya zikidhani ni za zamani. Ukitumia Kerberos hali ni kali zaidi: mashine zikipishana zaidi ya dakika 5, uthibitisho unakataliwa kabisa. Kompyuta kuukuu ambazo betri ya bodi imekufa hurudi miaka nyuma kila stima zinapopotea. Betri hiyo ni ya kubadilisha, usiipuuze.

Hatua ya 3: Nambari za watumiaji

Sasa turudi kwa yule msanifu na ile Alhamisi yake.

Katika NFS ya kawaida, ile inayoandikwa sec=sys, klaienti haimwambii seva "mimi ni msanifu." Inamwambia "mimi ni nambari 1000." Seva inaandika 1000 kwenye faili, basi. Majina unayoyaona ukitoa amri ya ls -l yanatafutwa na mashine uliyoketi mbele yake, ndani ya orodha yake yenyewe.

Ubuntu humpa mtumiaji wa kwanza nambari 1000, wa pili 1001, na kuendelea. Meza ya kwanza ilikuwa imesakinishwa na msanifu, kwa hiyo yeye alikuwa 1000. Meza ya pili ilisakinishwa kwa jina la karani, msanifu akaongezwa baadaye, akawa 1001. Nilipotoa amri ya ls -l kwenye meza ya pili, mwenye faili alionekana kuwa karani, ambaye hajawahi kupanga programu ya mazishi maishani mwake. Kisha nikatoa hii (/kazi ni mahali folda ya seva, /srv/kazi, inapoonekana kwenye meza):

ls -ln /kazi/mazishi

Herufi n inaonyesha nambari zenyewe bila kuzitafutia majina. Ikatokea 1000. Ukibaki na kitu kimoja tu kutoka mwongozo huu, chukua ls -ln. Ukiona ruhusa zinakataa na sababu haionekani, angalia nambari pande zote mbili kabla ya kugusa kitu kingine.

Dawa ni kugawa nambari wewe mwenyewe, mbali na 1000, na kuziandika kwenye karatasi. Mimi huanzia 2001 kwa watu na 3000 kwa makundi. Kwenye seva na kwenye kila klaienti:

groupadd -g 3000 kazi
useradd -m -u 2001 -s /bin/bash -G kazi msanifu
useradd -m -u 2002 -s /bin/bash -G kazi karani

Mtumiaji akiwa tayari yupo, kwanza atoke kabisa kwenye mashine, ndipo umbadilishie:

usermod -u 2001 msanifu

Amri hiyo hurekebisha faili zilizo ndani ya folda yake ya nyumbani kwenye mashine hiyo. Zilizo kwenye seva hazirekebishwi, hizo ni kazi yako:

find /srv/kazi/mazishi -xdev -uid 1000 -exec chown -h 2001 {} +

Taratibu hapo. Kama watu watatu wote walikuwa 1000 kwenye mashine zao, seva haijui faili ipi ni ya nani, na hakuna amri itakayokutenganishia. Keti nao, mpitie folda moja moja. Sisi tulimaliza saa mbili usiku.

Faili za kazi ya pamoja ziweke chini ya kundi, ili asiyekuwepo leo asimzuie aliyepo:

chgrp -R kazi /srv/kazi
chmod 2775 /srv/kazi

Ile 2 ya mwanzo inafanya faili mpya zirithi kundi la folda. Folda ndogo zilizokuwepo kabla ya amri hiyo hazibadiliki zenyewe, zipe 2775 moja moja. Weka pia umask 002 (umask huamua ruhusa za faili mpya) kwa watumiaji, la sivyo faili zitazaliwa wenzako wakiwa na ruhusa ya kuzisoma tu.

Ofisi ikikua na mtu mmoja akawa katika makundi mengi, kumbuka kwamba sec=sys hubeba makundi 16 tu kwa kila ombi. La 17 linaachwa kimyakimya. Tiba yake ni mstari wa manage-gids utakaouona katika hatua ya 5. Ukiwepo, seva inayatafuta makundi ya mtu katika orodha yake yenyewe.

Hatua ya 4: Kikoa katika idmapd.conf

NFS toleo la 4 linajua pia kutumia majina kamili, mfano msanifu@ofisi.lan, na hapo kikoa lazima kifanane pande zote. Fungua /etc/idmapd.conf kwenye kila mashine:

[General]
Domain = ofisi.lan

Kwa sec=sys, Linux ya sasa hutuma nambari moja kwa moja, kwa hiyo unaweza kukaa muda mrefu bila kuona athari ya mstari huu. Uandike hata hivyo. Siku utakayohamia Kerberos, au utakapounganisha kifaa kinachotaka majina, vikoa visipofanana faili zote zitaonekana kuwa mali ya nobody. Ukishabadilisha, safisha kumbukumbu ya zamani kwenye klaienti:

nfsidmap -c

Kwenye seva, washa upya nfs-idmapd.

Hatua ya 5: Faili moja ya nfs.conf kwa wote

Kabla ya kuandika, amua toleo. NFS ilitoka kwa Sun Microsystems mwaka 1984. Toleo la 3, la mwaka 1995, lilikusudiwa seva isikumbuke chochote kuhusu klaienti, ndiyo maana kufuli ziliwekwa katika huduma za pembeni, kila moja na poti yake, na poti hizo hubadilika kila mashine ikiwaka usipozifunga. Toleo la 4 liliingiza kufuli na upachikaji (mount, yaani kuunganisha folda ya seva kwenye klaienti) ndani ya huduma moja, kwenye poti moja, 2049 ya TCP. Toleo la 4.2 ni la mwaka 2016 na Linux zote za sasa zinalijua.

Ushauri wangu kwa ofisi mpya: 4 peke yake, zima 3. Poti moja ya kulinda, makosa machache ya kutafuta. Baki na 3 ikiwa tu una kifaa kisichojua lingine.

Usiguse /etc/nfs.conf yenyewe, kwa sababu masasisho yanaweza kukuuliza kama uibadilishe. Andika faili yako, /etc/nfs.conf.d/ofisi.conf. Lazima jina liishie na .conf, vinginevyo haisomwi.

[nfsd]
vers3=n
vers4=y
threads=16

[mountd]
manage-gids=y

Threads ni idadi ya nyuzi zinazohudumia maombi kwenye seva. Kwa miaka mingi chaguo-msingi lilikuwa 8, na 16 zinatosha ofisi ya meza kumi.

Kwa wanaolazimika kubaki na toleo la 3, vers3 iwe y na uongeze poti za kudumu:

[lockd]
port=32803
udp-port=32769

[statd]
port=662

na chini ya [mountd] uongeze port=892. Hapa ndipo usambazaji wa faili kwa wote unapookoa mtu. Kufuli za toleo la 3 huenda pande zote mbili: klaienti huiita seva, na seva nayo huiita klaienti kuiambia kwamba kufuli uliyokuwa unangojea sasa iko huru. Ukifunga poti kwenye seva tu na klaienti ina faiwoli, mwito wa kurudi unagonga ukuta, na mtumiaji anabaki akiitazama programu iliyoganda. Lockd iko ndani ya kerneli, kiini cha mfumo, basi baada ya kubadilisha poti zake washa mashine upya kabisa.

Sambaza kutoka kwenye seva, ukiwa umeweka ufunguo wa SSH:

for k in meza1 meza2 meza3 meza4 meza5; do scp /etc/nfs.conf.d/ofisi.conf /etc/idmapd.conf root@$k:/tmp/; done

Mimi hupeleka kwanza /tmp, nikahamisha kwa mkono kila mashine huku nikiangalia kama kuna local.conf ya zamani inayopingana nami. Baada ya hapo, kwenye kila mashine:

sha256sum /etc/nfs.conf.d/ofisi.conf
nfsconf --dump

Ya kwanza inathibitisha faili ni ileile: mstari wa herufi ufanane kila mahali. Ya pili inaonyesha mipangilio kama huduma zinavyoisoma. Nimeona mtu ameandika "thread" badala ya "threads" na seva haikulalamika hata kidogo, ilipuuza tu.

Hatua ya 6: Kugawa folda kwenye seva

Katika /etc/exports:

/srv/kazi 192.168.10.0/24(rw,sync,no_subtree_check)

Kati ya anwani na mabano hakuna nafasi. Rudia kusoma sentensi hiyo. Ukiweka nafasi, maana yake inageuka: mtandao wako unapewa ruhusa za kawaida, yaani kusoma tu, na dunia nzima inapewa kuandika. Mfumo unaikubali bila kukukatalia.

Acha sync ilivyo. Utaambiwa async ina kasi, na ni kweli, kwa sababu seva inajibu "nimehifadhi" kabla data haijafika diski. Hapa kwetu, mvua ya alasiri ikipanda kutoka ziwani na radi zikaanza, stima hupotea bila kuaga. Kilichoahidiwa na hakijaandikwa kinakwenda na stima.

Acha pia root_squash, ambayo ipo hata usipoiandika. Inamfanya root, yaani msimamizi mkuu, wa klaienti asiwe root wa seva.

exportfs -ra
exportfs -v
systemctl restart nfs-server

Soma anachokuonyesha exportfs -v kwa makini. Hapo utaiona ile nafasi kama uliiweka.

Faiwoli ya seva, ukitumia toleo la 4 peke yake:

ufw allow from 192.168.10.0/24 to any port 2049 proto tcp

Na jambo la usalama ambalo sitaki ulipite haraka. Sec=sys inamwamini klaienti. Mtu akileta laptopu yake, ambako yeye ni root, anaweza kujiita nambari 2001 na kufungua kazi ya msanifu. Kwa hiyo Wi-Fi unayowapa wageni isiwe kwenye mtandao wa 192.168.10. Itenganishe kwenye ruta. Kama huwezi kuitenganisha, na faili ni za hospitali au za wakili, hapo unahitaji Kerberos, sec=krb5p, ambayo inathibitisha mtu na kufunga data njiani. Nayo ni mipangilio ya pande zote mbili: /etc/krb5.conf ileile kila mahali, ufunguo wa kila mashine katika /etc/krb5.keytab, na zile saa za hatua ya 2.

Hatua ya 7: Kupachika kwenye klaienti

Sakinisha nfs-common, au nfs-utils kwa Red Hat, tengeneza folda ya /kazi, kisha andika katika /etc/fstab:

seva:/srv/kazi /kazi nfs vers=4.2,hard,nofail,_netdev,x-systemd.automount 0 0

nofail na automount zinahakikisha kompyuta inawaka hata kama seva haijaamka. Hard inastahili maelezo. Seva ikipotea katikati ya kuandika, klaienti yenye hard inangoja mpaka irudi, kisha inaendelea palepale. Yenye soft inajaribu mara chache, inachoka, na kuipa programu kosa. Programu nyingi hazijui kulishughulikia, na unabaki na faili nusu. Watu huichagua soft kwa sababu hawapendi kuona skrini imeganda. Nawaelewa, lakini kwa folda inayoandikwa, tafadhali, hard.

Stima zikirudi na seva ikawaka, kuna muda wa rehema, kwa kawaida sekunde 90, ambapo seva inawangoja klaienti wa zamani wadai faili na kufuli zao kabla haijaruhusu mpya. Katika sekunde hizo, kufungua faili kunaweza kusita. Waambie watumiaji mapema. Nimeona karani anazima kompyuta kwa kitufe katika sekunde ya 60, akipoteza kazi ambayo ilikuwa inarudi.

Rsize na wsize usiziandike. Klaienti na seva hupatana zenyewe kila zinapounganishwa, na kwa Linux ya leo mara nyingi zinafika 1048576. Ukiandika 8192 uliyoiona katika maelezo ya miaka ya tisini, unazibana bure.

Hatua ya 8: Kuhakikisha

nfsstat -m

Amri hiyo inakuonyesha walichokubaliana kwa kweli: toleo, hard, aina ya usalama. Ukiona vers=3 mahali ulipoandika 4.2, kuna upachikaji wa zamani bado umeshika. Kisha, kwenye meza ya kwanza na ya pili, kila mtu kwa jina lake:

touch /kazi/jaribio-$(hostname)
ls -ln /kazi

Nambari ziwe zilezile meza zote na kwenye seva, ndani ya /srv/kazi. Kisha kufuli. Kwenye meza ya kwanza:

flock /kazi/jaribio.lock -c 'sleep 30'

Kabla sekunde 30 hazijaisha, kwenye meza ya pili:

flock -n /kazi/jaribio.lock -c 'echo nimepata' || echo imefungwa

Ikijibu "imefungwa", kufuli zinapita mtandaoni sawasawa. Ikijibu "nimepata", rudi kwenye majina ya mashine, na kama uko toleo la 3, kwenye poti.

Siku moja utaona "Stale file handle". Maana yake folda ambayo klaienti inaikumbuka haipo tena kwenye seva, kwa kawaida kwa sababu diski imebadilishwa au folda imefutwa na kuundwa upya. Watu watoke ndani ya /kazi, utoe umount -l /kazi, upachike tena.

Meza mpya ikija

Jina lake, saa yake, watumiaji kwa nambari za kwenye karatasi, faili mbili za pamoja, mstari wa fstab, kisha majaribio ya hatua ya 8. Ile karatasi ya nambari tuliibandika ndani ya mlango wa kabati la seva pale dukani, na chini ya 2002 tumeacha nafasi za watu kumi.